Beki na Lawama

Mjukuu wangu, ambaye yuko darasa la sita, aliniuliza juzi kwamba nilipokuwa kijana nilicheza mpira namba ngapi. Nikamjibu kuwa nilicheza namba tano, beki wa kati. Akanitazama kidogo, akasema, "Kumbe ulikuwa beki tu, Babu," kisha akakimbilia nje kwa wenzake. Neno hilo "tu" lilinikaa kifuani siku nzima. Sikumlaumu mtoto, kwani hakulitunga yeye. Amelirithi kwetu sisi wakubwa, ambao tangu zamani tumezoea kumbeba mabegani aliyefunga bao moja na kumsahau aliyezuia matatu.

Basi, ndugu msomaji, nakuomba uketi nami kidogo nikueleze jambo linalohusu mabeki, makocha, na deni moja ambalo nilichelewa sana kulilipa.

Huku kwetu Singida tulijifunza mpira pekupeku. Mpira wenyewe tuliusuka kwa makaratasi na matambara, tukaukaza kwa kamba za mkonge, na viwanja vyetu vilikuwa vya changarawe, vimezungukwa na majabali kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi yetu. Upepo wa mwezi wa saba ukivuma, mpira uliopigwa kwenda mbele uliweza kurudi nyuma, na beki alijifunza mapema kutouamini mpira wa juu. Mimi sikuwa na mbio wala chenga. Nilikuwa na miguu mirefu na subira, kwa hiyo nikawekwa nyuma. Katika miaka yote niliyocheza, hadi kufika chuo cha ualimu, nilifunga bao moja tu, na bao lenyewe nilijifunga.

Hiyo ndiyo kazi ya beki. Mshambuliaji akikosa mabao manne akapata la tano, ni shujaa. Beki akizuia manne likapita la tano, ni yeye aliyetufungisha. Mwaka 1979 Taifa Stars ilipata sare ya bao 1-1 na Zambia kule Ndola, na sare hiyo ikatupeleka Lagos katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Muulize mzee yeyote wa rika langu ni nani aliyetupeleka Lagos, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: Peter Tino. Ni kweli, bao lilikuwa lake, na wala sitaki kumpunguzia sifa yake hata kidogo. Lakini sare haifanywi na bao peke yake. Hufanywa pia na yale mabao ambayo hayakuingia. Katika kikosi cha miaka ile walikuwamo mabeki kama Jellah Mtagwa na Leodegar Tenga. Huyo Tenga baadaye aliliongoza shirikisho letu la soka tangu mwaka 2004 hadi 2013, na vijana wengi walimjua kama rais wa TFF bila kujua kwamba alikuwa beki.

Si kwetu tu. Katika Olimpiki ya London mwaka 1948 timu ya India iliingia uwanjani kucheza na Ufaransa, na wachezaji wake wengi walikuwa pekupeku, kama sisi tulivyokuwa. Walifungwa 2-1 na kukosa penalti mbili. Moja ya penalti hizo ilipigwa na beki wao, Sailen Manna. Miaka mitatu baadaye Manna huyo huyo alikuwa nahodha wa India ilipotwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Asia jijini New Delhi. Hata hivyo, kila inaposimuliwa habari ya London, ile penalti hutajwa. Beki hubeba kosa lake kama mtu anavyobeba kovu usoni. Hata akivaa nguo nzuri namna gani, watu hulitazama kwanza.

Kwa sababu hizo, nilipokuwa mwalimu kijana, nilikuwa na mapenzi ya pekee kwa mabeki. Jumapili jioni tulikusanyika kwenye redio ya mkulima nyumbani kwa mwalimu mwenzangu, tukisikiliza matangazo ya RTD, na mimi nilimfuata kwa masikio Fred Felix Minziro, beki wa kushoto wa Yanga na Taifa Stars katika miaka ya 1980. Kumfuata beki redioni ni kazi ngumu. Mtangazaji humtaja kwa haraka, kwamba fulani ameuondoa, kisha sauti yake hupanda tu mpira unapofika kwa winga. Lakini mimi nilihesabu. Kila Minziro alipouondoa mpira nilijisikia kana kwamba nimeuondoa mimi.

Minziro alipoacha kucheza akawa kocha, ambaye sisi Watanzania humwita pia mwalimu. Alikuwa msaidizi Yanga, akafundisha JKT Ruvu na timu nyingine. Na katika msimu wa 2016/17 Mungu akamleta kwetu. Alikuwa kocha wa Singida United katika Ligi Daraja la Kwanza, na mapema mwaka 2017 timu ikapanda Ligi Kuu, pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Singida ilikuwa imekaa miaka mingi bila timu ya Ligi Kuu. Siku habari zilipofika mjini, bodaboda zilipiga honi kuzunguka mji mzima, na wauza kuku pale stendi walicheza ngoma huku matenga yao yakiwa kichwani. Mimi nilikuwa mstaafu tayari. Nilikaa barazani nikamwambia mke wangu, "Umeona? Ni beki huyo aliyetupandisha."

Lakini ligi ilipoanza, mwalimu katika benchi hakuwa yeye. Timu ilikabidhiwa kwa Mholanzi Hans van der Pluijm, ambaye alikuwa ameipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo. Kwa haki ni lazima niseme kwamba Mholanzi huyo alifanya kazi nzuri. Msimu ule Singida United ilimaliza katika nafasi ya tano, na Juni 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Hata hivyo moyo wangu ulikataa. Niliona kwamba aliyelima hakuitwa kula.

Nitakuambia ukweli, msomaji, kwamba si Minziro niliyekuwa nikimlilia. Nilikuwa nikijililia mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa nimefundisha timu moja ya mtaa kwa misimu minne bila malipo, nikitoa mfukoni mwangu nauli na maji ya wachezaji, mpaka tukapanda daraja. Wiki mbili baada ya kupanda, viongozi wakaniita, wakanishukuru kwa maneno matamu, wakaniambia kwamba sasa wamepata kocha kutoka mjini. Walinipa jezi moja iliyotumika. Jezi hiyo sikuivaa hata siku moja, na donge lile nililitunza kama mtu anavyotunza hati ya shamba.

Nilikuwa na donge hilo rohoni siku ya Jumamosi, Novemba 4, 2017, nilipokwenda Uwanja wa Namfua. Uwanja ulikuwa umefanyiwa ukarabati, na Yanga ilikuwa imekuja kucheza nasi. Watu walikuja kutoka Iramba, Manyoni, Mkalama na Ikungi. Wengine walilala mjini tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Mpira ukachezwa dakika tisini, ukaisha 0-0. Watu wengi walitoka wakinung'unika kwamba wamelipa fedha zao bila kuona bao. Mimi nilitoka nimeshiba. Nilikuwa nimewaona mabeki wa pande zote mbili wakifanya kazi kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho.

Nje ya lango mtu akanigusa begani. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, nikamtazama. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amenenepa kidogo, na mfuko wa shati lake ulijaa risiti. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, miguu imepanuka, uzito umeegemea mbele. Alikuwa namba nne wangu.

Hapa ni lazima nirudi nyuma hadi mwaka 1991. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi huko Ikungi, na nilikuwa mwalimu wa michezo. Kijana huyu alipokuja darasa la sita alikuwa mshambuliaji, na mshambuliaji hodari. Lakini timu yangu ilikuwa na washambuliaji wengi na haikuwa na beki, hivyo nikamrudisha nyuma. Alinitii bila neno. Baba yake ndiye aliyekuja shuleni kwa baiskeli kulalamika. Alisema, "Mwalimu, umemtoa mwanangu mbele ya macho ya watu ukamweka mahali pa kulaumiwa." Nilimjibu kwa kiburi cha ujana kwamba mpira naujua mimi.

Mwaka ule tulifika fainali ya shule za tarafa. Dakika zilikuwa zimebaki chache na hakuna aliyefunga. Tukapata kona. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari, tamaa ikanishika. Nikampungia mkono namba nne na kumwita kwa sauti apande akapige kichwa, kwa kuwa alikuwa mrefu. Akasita. Nikamwita tena. Akapanda. Kona ikaokolewa, mpira ukapigwa mrefu kwenda kwenye nafasi aliyoiacha, na winga wao akaenda peke yake mpaka kwa kipa. Tukafungwa 1-0.

Mchezo ulipokwisha, mwalimu mkuu akanijia mbele ya wazazi na wanafunzi, akaniuliza ilikuwaje. Nami nikasema, "Namba nne aliacha nafasi yake."

Hayo tu. Maneno matano. Sikusema uongo, kwani aliiacha kweli. Lakini sikusema ni nani aliyemwita. Yule mtoto alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinitazama, kisha akatazama chini. Baba yake akaja na baiskeli yake, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Twende nyumbani. Beki hutetea wote, yeye hana wa kumtetea." Miezi michache baadaye kijana akamaliza darasa la saba. Hakugusa tena mpira wa shule.

Sasa tulikuwa tumesimama nje ya Namfua, naye akinieleza kwamba ana Fuso mbili za kubeba vitunguu na alizeti, na watoto wanne. Tukaingia kwenye kibanda cha chai. Nikaanza kumweleza uchungu wangu juu ya Minziro, jinsi alivyopandisha timu na sasa wengine wanakula matunda, na kutoka hapo nikafika kwenye timu yangu ya mtaa na ile jezi kuukuu. Nilizungumza sana. Alinisikiliza kwa adabu mpaka chai ikapoa.

Kisha akasema, "Mwalimu, Minziro alipunguzwa nini? Kila mtu hapa Singida anajua kwamba ndiye aliyeipandisha timu. Hata wewe, mtaani kwenu wanajua. Mimi kijijini kwetu mpaka leo wazee wakitaka kunitania husema, 'Huyu ndiye aliyeacha nafasi yake.'"

Aliyasema hayo akitabasamu, bila ukali wowote. Lakini nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimekaa miaka nikihesabu deni ambalo wengine wananidai kulipwa, kumbe kitabu changu mwenyewe kilikuwa na deni kubwa zaidi, na mdai wangu ameketi mbele yangu ananilipia chai.

Nikamwambia, "Siku ile mimi ndiye niliyekuita upande."

"Najua, Mwalimu. Nilikusikia mara zote mbili."

"Basi nimekukosea. Naomba unisamehe."

Akanyamaza kidogo, akikizungusha kikombe mezani. Akasema, "Mimi nilishasamehe zamani. Lakini kama huoni shida, hayo maneno uende ukamwambie Mzee. Yupo bado. Mimi sikuwahi kumwambia, maana angedhani najitetea."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata, nimeketi mbele katika Fuso, katikati yake na utingo wake. Njia nzima nilitayarisha maneno, na hakuna hata moja nililolitumia. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mti, macho yake yamefifia, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Nilimwamkia, akaniitikia na kunikaribisha, tukaletewa maziwa ya mgando. Nikamweleza habari ya ile kona kama ilivyokuwa, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mwanawe.

Mzee alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile mimi nilisimama nyuma yako, nimeshika baiskeli. Nilikusikia ukimwita."

Mwanawe akageuka kwa ghafla. Mzee akaendelea, "Ningemwambia nini mtoto? Kwamba mwalimu wake amemsingizia? Kesho yake angekuja darasani kukutazama kwa macho gani? Nami nilikuwa na wengine wawili wadogo katika shule yako. Nikasema, mwenye neno lake atakuja nalo mwenyewe. Umechelewa, lakini umekuja."

Sikuwa na la kujibu. Kwa miaka 26 nilidhani kwamba siri ile ilikuwa kati yangu na dhamiri yangu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyesimama nyuma yangu muda wote huo, akinilinda mimi niliyemkosea, na hakuna aliyempigia makofi. Wakati wa kurudi mjini kijana aliendesha kimya hadi tukakaribia mjini. Ndipo akasema, "Kwa hiyo Mzee alijua." Nikamjibu, "Alijua." Hatukuzungumza tena mpaka tukaagana.

Mzee yule amekwisha kufariki. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na kijijini siku hizi hadithi ya ile fainali husimuliwa kwa namna nyingine, kwa sababu niliisimulia mwenyewe pale msibani, nimesimama, watu wote wakisikia. Ile jezi kuukuu niliitoa sandukuni nikampa mtoto mmoja wa jirani, ambaye aliivaa siku hiyo hiyo.

Singida nayo imebadilika. Singida United ilishuka daraja mwaka 2020. Uwanja wa Namfua sasa unaitwa Liti, kwa jina la yule mwanamke shujaa wa Wanyaturu ambaye husimuliwa kuwa aliwapinga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Naye, ukifikiri vizuri, alikuwa beki. Mwaka 2024 nilimwona hapo Mecky Maxime, beki wa zamani wa Mtibwa Sugar na nahodha wa Taifa Stars, akiifundisha Ihefu iliyokuwa imehamia kwetu, timu ambayo mwaka huo huo iligeuzwa kuwa Singida Black Stars. Minziro naye hakukaa chini kulilia Singida. Mwaka 2021 aliipandisha Geita Gold, na msimu uliofuata timu hiyo ikamaliza ya nne katika Ligi Kuu, na mfungaji bora wa ligi nzima, George Mpole, akatoka katika timu hiyo kwa mabao 17. Yule beki wa kushoto niliyekuwa nikimtafuta kwa shida katika redio, jioni ya maisha yake ya mpira amelea mfungaji bora. Sikusikia kwamba alitunza donge.

Sasa narudi kwa mjukuu wangu. Wiki iliyopita nilikwenda naye Liti. Kipindi cha kwanza alitazama mpira tu, popote ulipokwenda. Kipindi cha pili nilimwomba auache mpira, amtazame beki mmoja wa kati kwa dakika kumi, amwone anavyosogea hata mpira ukiwa mbali, anavyomwita mwenzake, anavyoziba tundu ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Mtoto akatazama. Dakika kumi zikaisha, zikawa kumi na tano, naye hajaniuliza kitu.

Njiani kurudi akaniambia kwamba bado anataka kucheza namba tisa. Nikamwambia ni sawa, acheze. Nilimwomba jambo moja tu: siku atakapokosea mwalimu wake, na lawama ikamwangukia mtoto wa nyuma, yeye aliye mbele asiwe wa kwanza kunyamaza.